Madai ya kuonekana kwa puma mashariki mwa Amerika Kaskazini

Madai ya kuonekana kwa puma mashariki mwa Amerika Kaskazini ni taarifa za watu wanaosema wamemwona puma (*Puma concolor*) katika maeneo ambako, kwa mujibu wa wataalamu wa wanyamapori, mnyama huyo alitoweka zamani. Taarifa hizo hutoka hasa katika majimbo ya Marekani yaliyo mashariki mwa mto Mississippi na katika majimbo ya Kanada kama Quebec na New Brunswick. Zimekuwa zikitolewa tangu katikati ya karne ya 20, na nyingi hazikuthibitishwa. Hata hivyo chache zimethibitishwa kabisa, na hizo zimebadilisha namna wanasayansi wanavyoelewa safari za mnyama huyu.

Mabishano yana pande tatu. Wengine wanaamini kwamba puma wa asili wa mashariki hawakuisha bali walijificha misituni. Wengine wanasema kila kinachoonekana ni kosa la macho au mnyama aliyetoroka kifungoni. Kundi la tatu, ambalo limepata nguvu tangu mwaka 2000 hivi, linasema puma wa mashariki waliisha kweli, lakini puma wa magharibi wanarudi polepole kwa miguu yao wenyewe.

## Mnyama mwenyewe

Puma ni mnyama wa familia ya paka (Felidae). Kwa Kiingereza ana majina mengi kuliko karibu wanyama wote, na baadhi yake humlinganisha na simba au chui, lakini si wa jenasi ya simba na chui. Ndugu yake wa Afrika aliye karibu zaidi ni duma. Kama duma, puma hawezi kunguruma. Hukoroma kama paka wa nyumbani.

Rangi yake ni ya mchanga au kahawia isiyo na madoa, ingawa watoto huzaliwa na madoa. Dume mkubwa anaweza kufikia kilo 100 hivi, na urefu wake pamoja na mkia unaweza kupita mita 2. Mkia ni mnene na mrefu, karibu theluthi moja ya urefu wote, na ndiyo alama muhimu zaidi ya kumtambua.

Puma anaishi kuanzia kaskazini-magharibi mwa Kanada hadi kusini mwa milima ya Andes. Hakuna mnyama mwingine wa nchi kavu mwenye ukubwa wake, asiyefugwa, aliyeenea hivyo katika Amerika. Huishi peke yake, huwinda zaidi usiku na wakati wa machweo na mapambazuko, na huwaepuka watu. Tabia hizo ndizo zinazofanya swali la kuwapo kwake mahali fulani liwe gumu kujibiwa.

## Kutoweka mashariki

Kabla ya kuja kwa walowezi kutoka Ulaya, puma walipatikana karibu kote katika eneo ambalo leo ni Marekani. Walowezi walimwona kuwa adui wa mifugo. Serikali za makoloni, na baadaye za majimbo, zililipa zawadi ya fedha kwa kila puma aliyeuawa. Wakati huohuo misitu ilikatwa ili kupata mashamba na mbao, na kulungu wenye mkia mweupe, ambao ni windo kuu la puma, waliwindwa hadi wakabaki wachache sana. Puma alikosa pa kujificha na pa kupata chakula.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 puma walikuwa wametoweka karibu kote mashariki. Katika Vermont wa mwisho kujulikana aliuawa mwaka 1881 karibu na Barnard, na mwili wake uliokaushwa umehifadhiwa katika makumbusho ya jimbo hilo. Katika Maine, karibu na mpaka wa Quebec, mmoja aliuawa mwaka 1938.

Kundi moja tu lilisalia mashariki mwa Mississippi, nalo liko kusini mwa Florida. Katika miaka ya 1970 na 1980 lilikadiriwa kuwa na wanyama 20 hadi 30. Kwa sababu walizaana ndugu kwa ndugu, wengi walikuwa na mikia iliyopinda na kasoro za moyo na za uzazi. Mwaka 1995 majike 8 waliletwa kutoka Texas ili kuongeza damu mpya. Baadaye idadi ya wanyama wazima ilikadiriwa kuwa kati ya 120 na 230.

## Mwanzo wa mabishano

Katika karne ya 20 mashamba mengi ya mashariki yaliachwa, misitu ikaota tena, na kulungu wakaongezeka kwa kiasi kikubwa. Mazingira yalimfaa puma tena. Pamoja na hayo zilianza kusikika taarifa za watu waliomwona akivuka barabara usiku au akipita ukingoni mwa shamba.

Mtu aliyezipa taarifa hizo uzito wa kisayansi ni Bruce Wright, mtaalamu wa wanyamapori wa New Brunswick, Kanada. Alikusanya ushuhuda kwa miaka mingi na kuandika vitabu viwili, kimoja mwaka 1959 na kingine mwaka 1972, akieleza kwamba puma wa mashariki bado wapo. Mwaka 1973 serikali ya Marekani ilimweka puma wa mashariki katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo mnyama ambaye hakuna aliyeweza kumwonyesha alilindwa na sheria, na taarifa za kuonekana kwake zikawa jambo la kisheria pia.

## Jinsi ushahidi unavyopimwa

Idara za wanyamapori za majimbo hupokea taarifa nyingi kila mwaka. Jimbo la Missouri, kwa mfano, lilithibitisha puma wake wa kwanza wa nyakati hizi mwaka 1994, na mwaka 1996 likaunda kikosi maalumu cha kuchunguza taarifa hizo. Kwa kawaida ushahidi hupangwa kwa uzito kama ifuatavyo:

* Mwili wa mnyama, aliyekufa au aliyekamatwa, ndio ushahidi mzito kuliko wote.
* DNA inayopatikana katika nywele, damu, mate au kinyesi. Huweza kuonyesha spishi, jinsia na mara nyingi eneo alikotoka mnyama.
* Picha au video ambayo mahali ilipopigwa pamehakikishwa. Wachunguzi huenda hapohapo na kupiga picha ya kitu chenye kipimo kinachojulikana ili kulinganisha ukubwa.
* Nyayo zilizopimwa au kumwagiwa plasta na kukaguliwa na mtaalamu.
* Ushuhuda wa macho peke yake, ambao huandikwa lakini hauhesabiwi kuwa uthibitisho.

Kanuni hii ya mwisho huwaudhi mashahidi wengi. Mtu aliyeona kwa macho yake huhisi anaitwa mwongo. Lakini kanuni haisemi kwamba shahidi anadanganya. Inasema tu kwamba mtu mwingine hawezi kurudi na kukagua alichokiona, ilhali unywele unaweza kupimwa mara ya pili na maabara nyingine.

Sababu nyingine ni picha za uongo. Mara nyingi picha halisi za puma wa magharibi zimesambazwa kwa madai kwamba zilipigwa mahali fulani mashariki. Picha ni ya kweli, mnyama ni wa kweli, ila mahali ndipo pa uongo.

## Makosa ya utambuzi

Wanyama wanaodhaniwa kuwa puma ni wengi. Miongoni mwao ni linksi mwekundu (*Lynx rufus*), ambaye mkia wake ni mfupi sana, koyote, mbwa wakubwa wa rangi ya kahawia, kulungu anayeonekana kidogo tu kati ya miti, na hata paka wa nyumbani. Paka wa nyumbani akionekana mbali katika uwanja usio na kitu cha kulinganishia, ukubwa wake ni vigumu kukadiriwa.

Nyayo nazo hupotosha. Wayo wa puma kwa kawaida hauonyeshi kucha, na upande wa nyuma wa kiganja chake una mafundo matatu. Wayo wa mbwa mara nyingi huonyesha kucha. Theluji inapoyeyuka wayo hupanuka, na wayo wa mnyama mdogo huweza kuonekana mkubwa mno.

### Puma mweusi

Sehemu kubwa ya mashahidi wa mashariki husema waliona mnyama mweusi. Jambo hili ni gumu kuelezeka, kwa sababu hakuna puma mweusi aliyewahi kuthibitishwa na sayansi popote, licha ya maelfu ya puma waliowindwa na kupigwa picha magharibi. Paka wakubwa weusi wapo kweli, lakini ni chui wa Afrika na Asia na jagwa wa Amerika. Chui mweusi alipigwa picha za wazi huko Laikipia, Kenya, na picha hizo zilijulikana duniani mwaka 2019. Kwa hiyo shahidi wa Pennsylvania au Georgia anayesema aliona puma mweusi anatoa maelezo yanayodhoofisha dai lake. Mwanga hafifu, kivuli na manyoya yaliyolowa maji huweza kumfanya mnyama wa kahawia aonekane mweusi.

## Visa vilivyothibitishwa

Pamoja na makosa yote hayo, puma wachache wamethibitishwa mbali na makazi yao yanayojulikana.

Chicago, 2008. Tarehe 14 Aprili 2008 polisi walimpiga risasi puma dume katika mtaa wa Roscoe Village, ndani ya jiji la Chicago. DNA ilionyesha kwamba ukoo wake ulikuwa wa Black Hills, milima iliyo South Dakota na Wyoming, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Ilionekana pia kwamba huyohuyo ndiye aliyeacha damu karibu na mji wa Milton, Wisconsin, miezi michache kabla.

Georgia, 2008. Mwezi Novemba mwindaji wa kulungu alimuua puma dume katika Kaunti ya Troup. DNA ilithibitisha kwamba mnyama huyo alitoka katika kundi la kusini mwa Florida, mamia ya kilomita kusini.

Connecticut, 2011. Hiki ndicho kisa mashuhuri kuliko vyote. Mapema Juni 2011 puma alionekana katika mji wa Greenwich, karibu na jiji la New York. Maofisa walidhani ni mnyama aliyetoroka kifungoni. Tarehe 11 Juni gari lilimgonga na kumuua kwenye barabara kuu huko Milford. Alikuwa dume mwenye kilo 64 hivi. Hakuwa amehasiwa, hakuwa ameng'olewa kucha, hakuwa na chipu ya utambulisho, na mwilini mwake zilikutwa miiba ya nungunungu. Dalili hizo zilikuwa za mnyama wa porini.

Maabara ya DNA huko Missoula, Montana, ilionyesha kwamba ukoo wake ulikuwa wa Black Hills. Zaidi ya hapo, vinasaba vyake vililingana na vielelezo vilivyokusanywa Minnesota na Wisconsin kuanzia Desemba 2009. Baadaye vilionekana kulingana pia na nywele zilizopatikana karibu na Lake George, jimbo la New York. Huko wakazi walikuwa wamemwona mnyama karibu na nyumba Desemba 2010, na waliofuata nyayo zake kwenye theluji wakaokota nywele. Hivyo mnyama mmoja alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 2,400, na wengi wa watu aliowapita hawakujua.

Tennessee, 2015. Nywele zilizopatikana magharibi mwa jimbo hilo zilikuwa za puma jike ambaye vinasaba vyake vilifanana na vya South Dakota. Jambo hili lilivuta macho kwa sababu majike hawasafiri mbali kama madume.

Kisa cha Connecticut kina mafunzo mawili. Kwanza, maofisa waliodhani kwamba puma wa porini hawezi kufika hapo walikosea, na watu wa kawaida walikuwa sahihi. Pili, safari ya mnyama mmoja iliacha vielelezo katika majimbo manne. Hata mnyama msiri huacha alama.

## Kwa nini wengi ni madume

Puma mchanga humwacha mama yake akiwa na umri wa mwaka mmoja hadi miwili. Jike mara nyingi hutafuta eneo karibu na alikozaliwa. Dume hufukuzwa na madume wakubwa na hulazimika kwenda mbali kutafuta eneo lenye chakula na majike. Asipokuta jike huendelea kutembea. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2012, ambao ulichambua visa 178 vilivyothibitishwa katikati ya Amerika Kaskazini kati ya 1990 na 2008, ulikuta kwamba wengi wa wanyama waliojulikana jinsia walikuwa madume.

Dume peke yake haanzishi kundi. Ili kusemwa kwamba puma wamerudi mahali fulani, ni lazima wawepo majike na watoto. Tofauti kati ya "puma amepita hapa" na "puma wanaishi hapa" ndiyo kiini cha mabishano yote, na mara nyingi pande mbili hugombana kwa kuwa kila moja inazungumzia jambo lake.

## Hoja ya mizoga

Wanaodai kwamba kundi la asili lilijificha mashariki kwa zaidi ya miaka 100 hukabiliwa na mfano wa Florida. Kundi la huko ni dogo, linaishi katika vinamasi na vichaka, na hata hivyo ushahidi wake hupatikana kila wakati. Magari peke yake yameua zaidi ya puma 20 katika baadhi ya miaka. Kundi lililojificha katika milima ya Appalachia, yenye barabara nyingi, wawindaji wengi na kamera nyingi za kutega, lingetazamiwa kuacha mizoga pia. Haikupatikana. Baadhi ya puma waliopatikana mashariki, hasa Kanada, walikuwa na vinasaba vya Amerika Kusini au ya Kati, jambo linaloonyesha kwamba walitoka kifungoni au walizaliwa na waliotoka kifungoni.

## Uamuzi wa 2018

Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani ilianza kupitia upya ushahidi mwaka 2007. Mwaka 2011 ilitangaza kwamba puma wa mashariki ametoweka, yamkini tangu miaka ya 1930. Mwaka 2015 ilipendekeza kumwondoa katika orodha ya wanyama walio hatarini, na Januari 2018 uamuzi ukatolewa rasmi.

Uamuzi huo ulipingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni ya mashahidi waliosema mnyama bado yupo. Ya pili ni ya kisayansi: uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba puma wa Amerika Kaskazini wanakaribiana sana, na mwaka 2017 wataalamu wa paka wa Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN) waliwaweka wote katika nususpishi moja. Ikiwa puma wa mashariki hakuwa nususpishi ya peke yake, basi hakuna nususpishi iliyotoweka. Kilichotoweka ni watu wa ukoo uleule katika eneo moja, na wanaweza kurudi. Kwa upande wa sheria, puma anayeingia mashariki leo kutoka magharibi hutegemea sheria za kila jimbo.

## Michigan

Jimbo la Michigan linaonyesha vizuri jinsi mabishano yanavyoweza kubadilika. Mwaka 2006 jarida la *American Midland Naturalist* lilichapisha utafiti uliodai kutambua puma kadhaa kwa kupima DNA ya kinyesi. Mwaka 2007 wanasayansi wengine walijibu katika jarida hilohilo kwamba vipimo havikutosha kuthibitisha kundi la puma. Kuanzia 2008 idara ya maliasili ya jimbo ilithibitisha puma wengi, karibu wote katika Rasi ya Juu, lakini vielelezo vya DNA vilivyopimwa vilikuwa vya madume.

Machi 2025 watoto wawili wa puma walipigwa picha katika Kaunti ya Ontonagon, na idara ikathibitisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watoto wa puma kuthibitishwa katika jimbo hilo tangu puma wa asili walipotoweka.

## Umuhimu wa suala hili

Mabishano haya si mchezo wa wapenda maajabu tu. Mfugaji anataka kujua kama kondoo wake wako salama, na mzazi anataka kujua kama njia ya shule ni salama, ingawa mashambulizi ya puma dhidi ya watu ni nadra sana. Upande mwingine, kulungu wamekuwa wengi mno mashariki, na hugongana na magari. Utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba puma wakirudi mashariki wangeweza, ndani ya miaka 30, kuzuia vifo 155 vya watu na majeruhi 21,400 kwa kupunguza kulungu barabarani.

Pia kuna suala la kuaminiana. Katika majimbo mengi umeenea uvumi kwamba serikali iliwaleta puma kwa siri ili wapunguze kulungu, na idara husika zimekanusha. Uvumi wa namna hii hukua pale ambapo watu wanaona taarifa zao zimepuuzwa. Idara nyingi siku hizi humwomba shahidi afunike wayo, asiguse kinyesi wala nywele, na apige simu mapema.

## Mabishano kama hayo kwingineko

Nchini Uingereza, ambako hakuna paka mkubwa wa asili, taarifa za "paka wakubwa" zimekuwa nyingi hasa baada ya sheria ya 1976 iliyozuia kufuga wanyama hatari bila kibali. Mwaka 1980 puma jike alikamatwa karibu na Cannich, Uskoti, na ilionekana alikuwa amezoea watu. Mwaka 1995 serikali ilichunguza madai ya mnyama wa Bodmin Moor na haikupata ushahidi wa kuthibitisha.

Katika Afrika ya Mashariki mfano wa karibu ni chui wa Unguja. Wataalamu wengi walimhesabu kuwa ametoweka baada ya kuwindwa sana, hasa baada ya mwaka 1964, lakini wakazi wa vijijini waliendelea kusema yupo. Video iliyonaswa na kamera ya kutega mwaka 2018 ilifufua mjadala bila kuumaliza.

Waswahili husema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa puma wa mashariki, methali hii imekuwa kweli kwa nusu yake ya pili. Watu wengi waliosema puma yupo katika miaka ya 1950 hawakuwa na mnyama wa kuonyesha. Wajukuu wao wamepata damu ya Milton, nywele za Lake George na watoto wa Ontonagon, na kila kimoja kiliweza kupimwa.